Tani Moja na Nusu ya Bahari Sebuleni

Mwezi uliopita nilitaja tangi letu la samaki kwa sentensi moja tu, na barua zilizokuja zimeshinda hata zile za safu ya karo za shule. Wengi mwauliza bei. Wengine mwauliza kama kweli matumbawe yaweza kuishi ndani ya nyumba, tena Dubai. Msomaji mmoja wa Sharjah ameandika neno moja: "Kwanini?" Nitajaribu kujibu, na hilo la Sharjah litajitokeza lenyewe tukiendelea.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Tangi la mwamba ni maji ya chumvi, mawe, matumbawe hai, konokono, kamba wadogo, na samaki wachache sana. Mgeni huona samaki. Mwenye nyumba hushughulika na maji. La kwetu lina urefu wa sentimita 180, upana 75 na kimo 65. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi la pili la lita 200 hivi ambamo zimefichwa pampu, mashine ya kutoa povu na mabomba yote. Maji hushuka kutoka juu, yasafishwa chini, yapandishwa tena. Kwa jumla yanazunguka kama lita 1,000.

Sasa pigeni hesabu ya uzito, maana hapa ndipo watu wengi wanapotaka kuruka. Lita moja ya maji ya bahari ni kilo moja na kidogo. Vioo vyetu vya milimita 15 peke yake ni karibu kilo 175. Tia mawe kilo 80, mchanga, na kabati lenye fremu ya chuma. Wafika tani moja na nusu, na zote zimesimama juu ya eneo lisilofika hata mita moja na nusu ya mraba. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 200 hivi kwa kila mita ya mraba. Sisi tunakaa vila ya kupanga, chini kabisa, sakafu imelala juu ya ardhi, na hata hivyo nilimwomba mwenye nyumba idhini ya maandishi na nikamwonyesha mhandisi vipimo kabla ya kulipa hata dirhamu moja. Ninyi mnaokaa ghorofa ya kumi na mbili Al Nahda au Deira, tangi la ukubwa huu si lenu, labda mhandisi wa jengo aseme vingine kwa maandishi. La lita 200 likikaa ukutani ni jambo la kuzungumzika.

Bei. Tangi na kabati, mashine, taa, chujio, mashine ya kupoza maji, mawe na chumvi ya kwanza, vyote vilinila dirhamu 26,000 kabla ya kuingia kiumbe chochote. Mke wangu, mwenyeji wa Tanga asiyependa maneno mengi, alisoma karatasi ya hesabu mpaka chini akauliza: "Na nyumba ya mama yako imeezekwa?" Ilikuwa haijaezekwa. Basi tukaezeka kwanza, bati na mbao na mafundi, na tangi likangoja miaka miwili. Nawaambia haya kwa sababu wengi wetu tuna paa fulani nyumbani linalosubiri, na vijana mtandaoni wanaowaonyesha matangi yao hawana.

Kila mgeni anayekuja husema: bahari si ile pale Jumeirah? Madumu ishirini, mmemaliza. Hapana. Bahari ya Hindi upande wetu ina gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Ghuba ni bahari ya kina kifupi, wastani wa mita 35 tu, jua lake ni kali, mito yake michache, na chumvi yake hupita gramu 40. Kiangazi maji ya juu hufika nyuzi 34 na kuendelea. Yako matumbawe yanayoishi humo, na watafiti, wakiwamo wa New York University Abu Dhabi, wanayachunguza kwa sababu yanastahimili joto ambalo lingeyaua ya Shimoni. Hata hayo yana mwisho wake: mwaka 2017 joto liliyapausha, na mengi upande wa Abu Dhabi yakafa.

Kwa hiyo tunaanzia bombani, na hapo pana kichekesho. Maji ya bomba ya Dubai ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, mengi yake kule Jebel Ali. Wenyewe wametoa chumvi kwa gharama kubwa, yamefika kwangu, nami nayatia chumvi upya. Lakini siwezi kuyatumia yalivyo. Yana klorini, na njiani yamepita mabomba na tangi la paani, ambamo huokota madini. Shaba kidogo tu, ambayo mimi na wewe hatuisikii, inaua konokono na kamba. Basi yapitishwa kwenye chujio la utando, na kila lita moja safi huacha lita mbili au tatu za kumwaga. Hatuzimwagi. Ndizo zinazodeki nyumba na kumwagilia mlimau wetu wa ndoo.

Chumvi ni ya kununua, iliyochanganywa kufuata madini ya bahari. Chumvi ya jikoni haifai. Kwa lita 1,000 zilikwenda ndoo mbili za kilo 20, na maji yakazungushwa na pampu usiku na mchana kabla hatujayapima. Kisha kuna jambo linalowachanganya wanaoanza: maji yakipungua, chumvi haipungui. Tangi letu hupoteza kama lita nane kwa siku kwa sababu ya kiyoyozi kinachokausha hewa. Ukijaza kwa maji ya chumvi, baada ya wiki chache una kachumbari. Wale wa Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, wanaacha jua likaushe maji ili wabaki na chumvi. Sisi twapigana na jambo lilelile. Kinachopotea hurudishwa kwa maji matamu, na kuna boya dogo linalofungua na kufunga lenyewe.

Hapa niruhusuni niseme habari ya chokaa, maana ndiyo iliyonifurahisha kuliko taa na mashine zote. Tumbawe hujijengea mifupa ya chokaa. Kadiri linavyokua ndivyo linavyokula kalisi iliyomo majini, na katika tangi hakuna bahari nzima ya kuirudisha. Inabidi uirudishe wewe. Maji ya bahari yana kalisi miligramu 410 hivi kwa lita, na sisi tunajitahidi isishuke chini ya 400. Njia mojawapo, ya zamani na ya bei rahisi, ni kukoroga unga wa chokaa katika maji matamu, kuuacha utuame, na kudondosha yale maji maangavu tone kwa tone usiku. Chokaa! Wazee wetu walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakapaka kuta za Lamu na Unguja. Bibi yangu aliipaka kwenye jani la tambuu. Nami niko Dubai, saa nne ya usiku, naipa matumbawe yarudi kuwa matumbawe. Angalizo: inunuliwe ile safi ya maabara au ya chakula, usichukue ya mjenzi, na isiingie kwa haraka, kwani ni kali na inaweza kubadilisha maji ghafla ukaamkia msiba.

Tangi likijaa na taa zikiwaka, kila mtu nyumbani huuliza samaki wako wapi. Hawapo. Hawatakuwapo kwa wiki sita. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria fulani huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo wanyama wanaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye mawe na mchanga, na hawaji kwa kuharakishwa. Tulitia amonia kidogo ya chupa ili wapate chakula, kisha tukangoja. Binti yetu mkubwa, wa miaka 11, ndiye aliyekuwa mpimaji. Kijichupa kikigeuka kijani, amonia ipo. Kikibaki njano, haipo. Aliandika kila jioni katika daftari la hesabu. Siku ya 33 kikabaki njano, na kesho yake, na kesho kutwa.

Halafu mchanga ukageuka rangi ya chai, kisha mawe yakaota mwani wa kijani kama mkeka uliolowa. Ni kawaida, hupita. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutuangalia wakati huohuo. Alisimama mbele ya tangi, akatazama sana, akasema, "Mwanangu, hili bwawa mwalifuga nini?" Wiki iliyofuata tukatia konokono thelathini, wakafagia.

Tumbawe la kwanza hatukulinunua. Mzee mmoja Mwomani, aliyezaliwa Ng'ambo ya Unguja na ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, ana matangi mawili nyumbani kwake. Alisikia habari zetu msikitini. Akaja na kijitungi cha maji ndani ya boksi la barafu, na ndani mna vitawi vitatu vya urefu wa kidole, vimegundishwa kwenye vijiwe. Alivikata kwake. Tumbawe la matawi hukatwa kama muhogo: unakata kijiti, unakipandikiza, kinashika. Nilipogusa mfuko aliniambia, "Baba, mbegu haiuzwi." Mpaka leo robo ya tangi letu ni watoto wa vile vitawi vitatu, na nasema bila kusita kwamba tumbawe la kukatwa kwa mfugaji mwenzako ni bora kuliko lililong'olewa baharini: limeshazoea taa na maji ya nyumbani, na mwamba wa mtu haukuguswa.

Na hili niliseme wazi kwa wanaosafiri mwezi ujao. Msibebe tumbawe katika sanduku, la Mombasa wala la Unguja wala la Maskati, hata lile kavu la kupamba kabati. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, pamoja na chaza wakubwa wale wa midomo ya buluu. Kuwavusha mpaka bila vibali ni kosa, na afisa wa forodha hatajali kwamba ulikuwa unamkumbuka bibi yako.

Samaki tunao tisa tu. Wawili ni wale wa machungwa wenye mistari myeupe ambao watoto wote wa dunia wanawajua kutokana na filamu ya mwaka 2003. Wetu wamezaliwa tangini. Jamii hiyo huzalishwa kwa wingi, hakuna sababu ya kununua wa kuvuliwa. Binti alishtuka nilipomwambia kwamba yule wa filamu hayuko kwetu kabisa. Pwani ya Afrika Mashariki ina ndugu zake wengine. Bali yule wa buluu mwenye mkia wa njano, rafiki yake katika filamu, yuko mpaka kwetu. Huyo tumemkataa kwa sasa. Akikua hukaribia sentimita 30, na sentimita 180 si kitu kwa samaki anayeogelea kutwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walifaulu kumlea kutoka yai hadi ukubwa, lakini wengi wanaouzwa bado hutoka baharini.

Mmoja tu kati ya tisa ametoka mwamba wetu: kangaja wa buluu hafifu, mwenye uso mweusi na mgongo wa njano. Shimoni, kijiji changu, wako vijana wanaoishi kwa kuzamia samaki wa mapambo. Wanawavua kwa vyavu vidogo, wanatiwa kwenye mifuko ya maji na oksijeni, wanapanda ndege. Sitawasema vijana hao. Ni kazi inayotaka mwamba uwe hai, tofauti na baruti. Lakini ukinunua, muulize muuzaji samaki katoka wapi na kavuliwa kwa nini. Kuna sehemu za Asia ambako wengine hutumia sayanidi, samaki analewa, anaonekana mzima dukani, anakufa kwako.

Baba yangu alivua madema na mishipi miaka arobaini. Alipokuja kututembelea alivuta kiti mbele ya kioo baada ya alasiri, hakuondoka mpaka magharibi. Aliuliza swali moja: "Huyu kangaja ataliwa lini?" Binti alicheka mpaka akakaa chini. Lakini tangu siku ile kuna jambo limeanza nyumbani ambalo mimi na madrasa ya lugha ya Jumamosi tulishindwa kulianzisha. Kila wiki babu hupigiwa simu ya video, simu inaelekezwa tangini, naye hutaja: kitatange, pono, tasi, changu, hata wale ambao hatuna. Mtoto huyu amezaliwa Dubai, samaki alikuwa anawajua kwa Kiingereza. Sasa pampu za mawimbi amezipangia ratiba katika simu, na siku za mwezi mpevu anazitia nguvu. Ameiandika ratiba ile "bamvua", na ile ya upole "maji mafu". Ndugu wa Sharjah, umeona.

Tatizo letu kubwa sisi wa huku ni moja, na vitabu vya Wazungu hawalitaji: tunaondoka Julai na Agosti, shule zikifungwa, wakati uleule nje ni nyuzi 45. Tangi letu hukaa nyuzi 25 na nusu. Ndani ya tumbawe huishi mwani mdogo mno, ambao huchukua mwanga na kulipa tumbawe sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakipata joto kwa siku kadhaa, tumbawe humfukuza mwani huyo, hubaki jeupe, na joto likiendelea hufa njaa. Ndivyo yalivyokufa mengi mwambao wetu mwaka 1998. Baharini joto hilo huja kwa majuma. Katika lita 1,000 laweza kuja kwa usiku mmoja.

Mwaka jana tulikuwa Shimoni, Agosti, kusi linavuma. Nyumba tulimwachia mwanafunzi mmoja kijana wa Tanga, kwa ujira, na karatasi mbili za maelezo zilizobandikwa kabatini. Siku ya kumi na moja, simu ikalia saa tisa ya usiku: nyuzi 27. Saa kumi: 28 na nusu. Kiyoyozi cha nyumba kilikuwa kimezimika, na mashine ya kupoza maji, ambayo hutupa joto lake sebuleni, ilikuwa inapigana na chumba chenye nyuzi 38. Kampuni ya matengenezo iliahidi fundi asubuhi. Alikuja baada ya siku mbili.

Kijana aliamka, akafuata karatasi. Chupa za maji zilizoganda, kumi na sita, zilikuwa katika friza tangu Juni. Akaziogelesha nne nne katika tangi la chini, zikiyeyuka anarudisha na kutoa nyingine. Akafungua kifuniko, akaelekeza feni mbili juu ya maji, maana maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Akapunguza taa zikawa saa tatu kwa siku. Akaacha kulisha. Siku ya pili barafu ya friza haikutosha, akawa anakwenda kununua mifuko ya barafu kituo cha mafuta, anaifunga kwenye plastiki isimwagike. Binti alikuwa gatini Shimoni, mahali pekee penye mtandao wa maana, anasoma namba kwa sauti: 29. 29 na robo. 28 na nusu. Babu yake akatia mkono majini. Bahari ya pale, wakati ule wa kusi, ni nyuzi 25 hivi. "Si mngewaleta huku," akasema, na hakuwa anatania.

Tulipoteza matumbawe manne na kamba mmoja. Mengine mawili yalipauka, na mpaka Disemba yakawa yamerudisha rangi. Samaki wote tisa wazima.

Mwaka huu mashine ya kupoza imehamishiwa nje, chini ya kivuli, mabomba yamepita ukutani kwa idhini ya mwenye nyumba, na kuna kiyoyozi kidogo cha akiba. Umeme wa tangi zima ni karibu dirhamu 150 kwa mwezi wa joto. Anayetaka kuanza aweke hesabu ya Agosti kabla ya hesabu ya samaki, na asipokuwa na mtu wa kumwachia nyumba, asianze.

Wanafunzi mlioniuliza juu ya lile tangi la lita 40 la mezani: hilo ni gumu zaidi kuliko langu. Maji machache hubadilika haraka, chumvi yapanda kwa siku moja, joto kwa saa moja. Kama chumba ni chako na utakuwapo kiangazi, anza na lita 150 hivi, mawe, konokono, tumbawe laini la bei ndogo, samaki wawili. Mengine yasubiri mwaka.

Yule kijana wa Tanga amekwisha maliza masomo na kuhamia Ajman. Nusu ya ujira aliikataa, akaomba kitawi. Nimemkatia vitano, mpaka kile kilichopauka.